Mashine kongwe za chapa zagoma kufa Kariakoo!

MPENZI msomaji, leo sikuletei habari za nani kamwacha nani wala nani kaonekana na nani wapi. Leo nakupa mtihani mdogo. Tafuta kadi ya harusi hapo nyumbani kwenu, na sisemi hizi za kutumiana kwenye simu, nasema kadi yenyewe ya karatasi ngumu. Huwezi kuikosa, maana Waswahili hatutupi kadi za harusi. Iko kwenye droo ya kabati la vyombo au imechomekwa pembeni ya kioo tangu mwaka juzi, na bibi harusi sasa hivi ana watoto wawili. Umeipata? Haya, funga macho, halafu pitisha kidole gumba juu ya majina ya maharusi.

Kama kidole kinateleza tu kama kiko juu ya sakafu ya marumaru, hiyo ni kazi ya kompyuta, na wala siyo mbaya. Lakini kama kidole kinaingia mahali, kinakuta vijibonde vidogo kila penye herufi, basi simama hapo hapo. Hiyo kadi imegongwa. Kuna chuma kimeingia kwenye karatasi kikaacha alama yake, na alama hiyo haifutiki hata ukipaka rangi juu yake.

Hapo ndipo mkasa wetu wa leo unapoanzia. Katika mji huu ambapo kila kijana ana simu ya kugusa na kila kichochoro kina duka la kuprinti, zile mashine nzito za chuma, zinazofanya kazi kwa kanuni ya miaka zaidi ya 500, zimegoma kufa. Ukikata mitaa ya Kariakoo na Gerezani ukatega sikio nyuma ya kelele za wauza mitumba, utaisikia moja inapumua: chaka-chaka, psii, chaka-chaka, psii. Hivi kwa nini hazifi? Twende taratibu.

KUCHAPA NI KUGONGA

Kwanza tuanze na lugha yetu wenyewe, maana majibu mengi yako humo. Mwalimu anamchapa mwanafunzi fimbo. Mfugaji anampiga ng'ombe chapa. Mtu akichelewa kazini anachapa mwendo, akikosa nauli ya daladala anachapa lapa. Anayejituma tunamwita mchapakazi. Kote humo, bwana, kuna kitu kinagonga kitu kingine. Neno lenyewe, chapa, tumelipata kwa ndugu zetu Wahindi, na kwao lina maana ya alama ya kugonga, kama muhuri.

Sasa angalia mashine za siku hizi. Printa ya wino inanyunyiza matone kama mtu anayejipulizia manukato. Printa ya leza inabandika unga mweusi na kuuyeyusha kwa joto. Mashine za ofseti, zilizoanza kutumika kuchapa karatasi kule Marekani mwaka 1904, zinatoa wino kwenye bamba, zinauhamishia kwenye mpira, na ule mpira ndio unaoipaka karatasi. Hakuna inayogonga hapo! Tunasema zinachapa kwa heshima tu, kama tunavyomwita mtu kocha wakati hajawahi kugusa mpira.

Mashine ya kizamani ndiyo inayochapa kweli. Herufi zake zimesimama juu, zinapakwa wino usoni, karatasi inaletwa mbele yake, na chuma kinaibana. Pwaa! Shika neno hilo, kugonga, maana ndilo linaloiweka hai mpaka leo.

HERUFI ZA RISASI

Wale ambao hamjawahi kuona, ngoja niwape picha. Fundi wa kupanga herufi anasimama mbele ya droo pana ya mbao iliyogawanywa vyumba vidogo vidogo. Kila herufi ina chumba chake. Herufi zenyewe ni vipande vya madini yaliyochanganywa: risasi, bati na antimoni. Risasi inayeyuka upesi, bati linasaidia mchanganyiko kumiminika vizuri, na antimoni inaipa ugumu isipondeke. Mkono wa kushoto fundi ameshika kibati cha kupangia, wa kulia unachomoa herufi moja baada ya nyingine bila kuangalia, kama mama anayechambua mchele huku anapiga soga.

Kasheshe ni kwamba anapanga kila kitu kinyume. Herufi zimegeuka kama zinavyoonekana kwenye kioo, na mistari anaisoma kichwa chini. Ukiwa mgeni utachanganya "b" na "d", na "n" iliyopinduka inaonekana kabisa kama "u". Neno kama "nunua" likiharibika linakuwa kitendawili, na mteja akishachapiwa nakala 500 zenye kitendawili hicho, halipi mtu.

Halafu kuna jambo ambalo Mzungu aliyeziuza hizo herufi hakulifikiria. Seti za herufi zilipangwa kwa mahitaji ya lugha za kwao, na kwa Kiingereza herufi inayotumika kuliko zote ni "e". Sisi je? Chukua sentensi ya kawaida ya tangazo: "Wanawake wanaalikwa wakae mbele." Hesabu mwenyewe. Zina herufi 28, na katika hizo "a" ni 9 na "w" ni 5, wakati "e" ni 4 tu. Sasa panga ukurasa mzima! Chumba cha "a" kinabaki kitupu, cha "k" kinafuata, cha "w" nacho kinalia, na huku herufi "q" na "x" zimejaa tele hazina kazi. Na likija tangazo la mnada wa ng'ombe, kale kakoma ka juu kanageuka dhahabu. Kuchapa Kiswahili kulihitaji akili ya ziada, na akili hiyo ilikuwa ya mafundi wetu hapa hapa.

Mistari ikikamilika inabanwa ndani ya fremu ya chuma (hii si fremu ya dalali wa Kariakoo, tutafika huko) mpaka ikaze kama jiwe. Ukiinyanyua, isianguke hata nukta. Kazi ikiisha, herufi zinaoshwa kwa mafuta ya taa na kurudishwa kila moja chumbani kwake, zisubiri kazi ya kesho.

KUTOKA UNGUJA HADI BARA

Msidhani mambo haya yalikuja juzi. Mwaka 1864 Edward Steere, mmisionari wa UMCA, alifika Unguja na Askofu Tozer, na misheni yao ikaanza kuchapa. Waliofundishwa kupanga herufi walikuwa vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Fikiria hapo: mtoto aliyekuwa anauzwa kama gunia, miaka michache baadaye ndiye anayepanga maneno ya Kiswahili yasomwe na watu. Mwaka 1888 kule Kiungani likatoka gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Naye Sultani Barghash hakutaka kupitwa. Karibu mwaka 1880 alikuwa na mtambo wake wa chapa pale pale Unguja, ukitoa vitabu vya dini na sheria kwa Kiarabu. Na Kiarabu, kama mnavyojua, herufi inabadilika umbo ikiwa mwanzo, katikati au mwisho wa neno. Jamaa wa kupanga herufi pale sijui walikuwa wanakula nini!

Bara nako mambo yalianza. Mwaka 1899 Wajerumani walianzisha hapa Dar es Salaam gazeti lao, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung. Kule Tanga, shule ya serikali ikawa inachapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, lililodumu mpaka vita ikalizima mwaka 1916.

Vita hiyo ndiyo iliyotupa mkasa mtamu kuliko yote. Si ndiyo hiyo hiyo iliyotupa jina la Kariakoo, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza? Basi, meli za Waingereza zilipoziba bahari, noti kutoka Ujerumani zikawa haziji. Pesa imekwisha na mishahara inadaiwa. Wajerumani wakafanyaje? Mwaka 1915 wakaanza kuchapa noti zao wenyewe hapa hapa Dar es Salaam, na baadaye kazi ikahamia Tabora. Mwaka 1917, jeshi lao likiwa linakimbizwa porini, zikatoka noti zilizogongwa kwa herufi za mpira, kama mtu anavyogonga muhuri wa ofisi. Wajerumani wenyewe wanaziita noti za porini, na leo wakusanyaji wa pesa za kale wanazitafuta kwa udi na uvumba. Herufi inayogonga iliendesha pesa ya koloni zima, tena chini ya mti!

Baada ya hapo likaja Mambo Leo la serikali mwaka 1923, Tanganyika Standard mwaka 1930, na mwaka 1937 Mwafrika mwenzetu, Erica Fiah, akatoa Kwetu hapa Dar. Mwaka 1959 mchapaji mmoja wa mji huu huu, Randhir Thaker, akaanzisha Ngurumo. Hilo ndilo lililokuwa gazeti la watu, senti 10 tu, likisomwa barazani na kwenye vijiwe vya kahawa, mmoja anasoma na kumi wanasikiliza. Liliishi mpaka 1976. Ukiwa na babu aliyekulia mitaa ya Kariakoo au Ilala, mtajie jina hilo halafu uangalie uso wake.

MWELEKA WA KOMPYUTA

Halafu ofseti ikashika mji. Inachapa haraka, picha zinatoka safi, na haihitaji mtu wa kuchomoa herufi moja moja. Ilipokuja kompyuta ikaongeza kidonda juu ya jeraha. Kazi ya kupanga ukurasa iliyokula siku nzima, kijana na kompyuta yake akaimaliza kabla chai haijapoa. Magazeti yakahama, vitabu vikahama, mabango yakahama. Droo za herufi zikawa nyumba za mende, na risasi ikaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Watu wakatangaza msiba. Lakini mwenye matanga akakataa kulala kaburini, na sababu zake zinaonekana pale pale Kariakoo.

SABABU YA KWANZA: NAMBA

Kariakoo ni biashara, na biashara ni kutoaminiana kwa adabu. Mzigo unatoka stoo, mteja anatoka Mbeya au Lubumbashi, mwenye duka yuko Guangzhou anafuata mali, na aliyebaki kaunta ni mpwa wake. Kinachomlinda kila mmoja ni kitabu cha stakabadhi chenye karatasi tatu tatu, na juu ya kila karatasi namba nyekundu. Karatasi ya juu ya mteja, ya pili ya stoo, ya tatu inabaki kitabuni. Namba ikiruka, mtu ana la kujibu.

Namba hiyo inapigwaje? Kwenye mashine ya kugonga kinafungwa kikasha kidogo cha chuma chenye magurudumu ya tarakimu. Kila mashine ikibana, kinachobonyezwa ni kile kiherufi cha "No" kilichotangulia tarakimu, na kubonyezwa kwake ndiko kunakosukuma magurudumu: 0001, 0002, 0003. Hakuna umeme ndani yake wala programu. Vingine vinahesabu kurudi nyuma makusudi, ili rundo la karatasi likimalizika, namba ndogo iwe juu.

Sasa sikia utamu. Karatasi hizi za NCR zisizotaka kaboni zina vidonge vya rangi vidogo sana nyuma ya ile ya juu, huvioni kwa macho. Vikigongwa vinapasuka na kuacha alama kwenye karatasi ya chini. Kwa hiyo fundi anaweza kupanga karatasi tatu pamoja, akagonga mara moja tu, namba ile ile ikatokea kwenye zote tatu. Muulize mwenye printa ya leza kama anaweza. Hawezi! Yeye atapitisha moja moja, na akikosea mpangilio, karatasi ya stoo itasema 0457 na ya mteja 0458. Hapo kesi.

Najua utaniambia siku hizi kuna mashine za EFD, na kweli TRA walianza kuzitumia mwaka 2010, na vitabu vingi vya risiti vikapungua. Sawa. Lakini ile risiti ya EFD imeandikwa kwa joto kwenye karatasi maalumu. Iweke kwenye pochi, iache juu ya dashibodi ya gari kwenye jua la Februari, halafu urudi baada ya miezi kadhaa. Utakuta karatasi nyeupe kama dhamiri ya malaika. Ile iliyogongwa kwa wino na chuma, panya ndiye atakayeimaliza, jua haliiwezi.

SABABU YA PILI: BOKSI, TIKITI NA KADI

Mashine inayogonga haina ulazima wa kupaka wino. Mtoe fundi zile herufi, mfungie visu vya chuma, na mashine ile ile inakata karatasi umbo lolote analotaka mteja: bahasha, lebo ya chupa, kadi yenye tundu la moyo. Mfungie vyuma visivyo na makali, inatia mikunjo ya boksi la keki au la dawa. Mfungie chuma chenye meno, inatoboa ule mstari wa kuchania tikiti, wewe unapewa kipande na mlangoni kinabaki kipande.

Ndiyo maana yule mtambo wa Heidelberg, ambao mafundi wengi duniani wanaujua kwa mikono yake inayozunguka kama feni na kunyakua karatasi, bado una heshima. Ulianza kutoka kiwandani Ujerumani mwaka 1914, ukaacha kutengenezwa mwaka 1985, na mpaka leo uko kazini. Una uzito wa zaidi ya tani moja na unaweza kufikia karatasi 5,000 kwa saa. Tangu 1985 mpaka leo wewe umebadilisha simu ngapi?

Na kadi za harusi je? Hapa kamati za harusi zinanielewa. Kadi ya "single" na kadi ya "double" si mchezo, maana mtu kachangia kwa jasho na ukumbi una viti vyake. Mjanja mmoja akiiga kadi kwa kompyuta akawagawia masela wake wanne, pilau haitoshi na mwenyekiti wa kamati anavuliwa heshima mbele ya wakwe. Kadi iliyogongwa namba na yenye maandishi yaliyozama haiigwi kirahisi, kwa sababu anayekaa mlangoni hahitaji kusoma. Anapitisha kidole tu.

SABABU YA TATU: MUHURI

Wewe kijana unayejiona wa kidijitali, hebu niambie, umeomba kazi lini mara ya mwisho? Ulihitaji barua ya serikali ya mtaa. Ulihitaji vivuli vya vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Na kila mahali ulipofika, hata kama barua imeandikwa kwa kompyuta nzuri namna gani, uliulizwa swali moja: muhuri uko wapi?

Muhuri ni nini basi? Ni herufi zilizosimama juu, zimegeuzwa kama kwenye kioo, zinapakwa wino na kugongwa kwenye karatasi. Ni mjukuu wa ile ile mashine, aliyepungua mwili mpaka akaenea kiganjani. Mafundi mihuri wa siku hizi hapa mjini wanachonga mpira kwa mwanga wa leza unaoongozwa na kompyuta. Kumbe kompyuta iliyotangaza msiba ndiyo sasa inayomfanyia marehemu kazi!

MAJUU WANALIPIA VIJIBONDE

Kama bado unaona hizi ni habari za wazee, sikia hii. Kule Marekani, kuanzia miaka ya 1990, maharusi wenye fedha walirudi kwa fujo kwenye kadi zilizogongwa kwa mashine za zamani, na majarida ya harusi yakazipamba. Wachapaji vijana wakanunua mitambo iliyokuwa inaoza kwenye mabanda, wakaisafisha, wakafungua karakana. Wanataka karatasi nene ya pamba, na herufi zizame hasa, uone kivuli ndani yake.

Kichekesho ni kwamba mafundi wa zamani walikuwa wanaona kuzama huko ni uchafu wa kazi. Kwao fundi mzuri ni yule anayegusisha chuma na karatasi taratibu kama busu la shavuni, wino ushike na bonde lisionekane. Leo bonde ndilo linalolipiwa. Ndiyo dunia ilivyo, kilichokuwa kovu kimekuwa urembo.

Na wala hawapangi tena herufi za risasi kwa lazima. Kijana anasanifu kazi yake kwenye kompyuta, anatoa picha yake, picha inamulikwa juu ya bamba la plastiki maalumu. Penye mwanga panakuwa pagumu, pasipo mwanga panaoshwa kwa maji, na bamba linabaki na herufi zilizosimama tayari kugongwa. "A" haziishi tena! Kompyuta na mashine kongwe zimeoana, na ndoa yao imetulia.

KINACHOIUA KWELI

Sasa tuongee ukweli wa moyoni, mpenzi msomaji, maana sifa peke yake hazijazi tumbo. Mashine hizi Kariakoo hazina uhakika wa kuiona miaka 20 ijayo, na adui yake mkubwa siyo kompyuta.

Adui wa kwanza ni fremu, na hapa nasema ile ya dalali. Mtambo wa tani moja haupandi ghorofa ya nne. Unataka sakafu ya chini, yenye zege nene na mlango mpana. Lakini nyumba za Kiswahili za Kariakoo zinavunjwa yanapanda maghorofa, na sakafu ya chini ndiyo inayogombewa na wauza simu, vitenge na vipodozi. Mwenye mashine ya kupiga namba atashindana vipi kodi na mwenye duka la nywele bandia? Anasogezwa uani, kisha nje ya mtaa, na mwisho nje ya kazi.

Adui wa pili ni mizani ya vyuma chakavu. Mwenye mashine akifariki, warithi wanaona dude jeusi linalonuka mafuta. Mnunuzi anakuja na mkokoteni na nyundo, analipima kwa kilo, na mtambo uliolisha familia kwa miaka mingi unaondoka vipande vipande kwa bei ya mabati.

Adui wa tatu ndiye mimi na wewe. Ufundi huu haukai kwenye kitabu. Uko kwenye mikono ya wazee, wanaojua kwa sikio tu kwamba mashine inataka oili, na wanaoweka kipande cha karatasi nyembamba nyuma ya herufi moja iliyochoka ili igonge sawa na wenzake. Mzee akiondoka kabla hajampata wa kumwachia, mashine inabaki chuma. Na sisi vijana tumejaa vijiweni tunasubiri ajira na vyeti vyetu vya kidato cha nne, wote tunataka kuwa watu wa kompyuta, halafu tunashangaa mbona watu wa kompyuta wamekuwa wengi kuliko kompyuta zenyewe.

Sisemi kila mtu akimbilie huko. Ile mashine haina huruma, ukizubaa inakula vidole. Risasi ni sumu mwilini, ukishika herufi huli mpaka unawe kwa sabuni. Na gazeti la kurasa nyingi lenye picha za rangi halitarudi huko hata siku moja. Nasema hivi tu: kijana anayejua kusanifu kwenye kompyuta, akakaa mwaka mmoja miguuni pa mzee anayejua kugonga, atakuwa na kazi ambayo mtaa mzima wa wenye printa hauwezi kumnyang'anya. Kadi, maboksi, lebo, tikiti, vitabu vya namba, vyote vinamsubiri. Soko la kadi peke yake hapa Dar, na harusi zetu hizi za kila Jumamosi zenye kamati na vikao, send-off na kitchen party, linahitaji maelezo gani?

Kwa hiyo wiki hii ukipita Kariakoo ukaisikia inapumua nyuma ya ukuta, usipite. Bisha hodi, mwamkie mzee kwa heshima, "shikamoo mzee, pole na kazi," halafu omba kuangalia. Usimpige picha kwanza, muulize jina la kila chuma. Wengi watakuelekeza kwa furaha, maana ni miaka hawajaulizwa. Ukitoka hapo mkononi na kikaratasi chenye namba 0001 iliyozama, usikitupe. Huenda ndiyo stakabadhi ya kazi yako.

Haya wapenzi, chapeni kazi. Tukutane wiki ijayo, hapa hapa kijiweni kwetu.